Yuriki Kiganjani: Kidude Kilichopanda Nami Hadi Kamachumu

Wekeni sukari pembeni leo. Presha nayo isubiri. Kwenye mkoba wa binamu yangu aliyeshuka na MV Victoria kutoka Mwanza kumetoka kidude ambacho tangu nikishike sijatulia: mashine ndogo, ukubwa wa simu ya kitochi, inayopima yuriki asidi kwa tone moja la damu ya kidoleni na kukupa jibu kabla hujamaliza kujifuta kwa pamba. Yuriki, jamani! Ile ile inayomwamsha mtu mzima saa nane za usiku akiugulia kwa sababu shuka limegusa kidole gumba cha mguu.

Mashine za sukari tumezizoea, hata bibi kizee anajua kutoa kidole. Yuriki ni habari nyingine. Wengi wetu tunaijua kwa njia ya bomba la sindano: unatolewa damu mkononi, kichupa kinakwenda maabara, unaambiwa ukae benchi au urudi kesho. Na kama umetoka ndani ndani huko Muleba, hiyo kesho ina nauli yake.

Nikafungua boksi pale pale mezani. Mashine, kalamu ya kuchomea, visindano, kichipu cha msimbo, mtungi wa vistripu, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nyingi mno, isiyo na neno hata moja la Kiswahili. Watu wa kawaida huanza kuwasha mashine. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye maandishi madogo yanayoeleza kistripu kimepakwa nini, na nilipoliona jina la yurikesi nikapiga kelele mpaka mtoto wa jirani akachungulia.

Kwa nini kelele? Kwa sababu si kila kipimo cha yuriki cha mkononi kina kimeng'enya. Vingine vya bei nafuu vina kaboni tupu: vinaipa damu msukumo wa umeme, yuriki yenyewe inaachia elektroni, mashine inahesabu. Vinafanya kazi, sikatai. Tatizo ni kwamba vitamini C nayo huachia elektroni kwa msukumo unaokaribiana sana na huo, na elektroni hazina sura, mashine haiwezi kujua hii imetoka kwa nani. Yurikesi ndiyo dawa ya fujo hiyo. Ni kimeng'enya kinachoitambua yuriki kwa umbo lake. Kinaishika, kinaikutanisha na oksijeni na maji, na baada ya hapo unapata alantoini na kiasi cha peroksidi ya hidrojeni. Vitamini C ikipita mbele yake, hakishughuliki nayo.

Sasa shikilia hapo, maana hapa ndipo ninapopagawa. Kimeng'enya hicho ng'ombe anacho. Mbwa anacho, panya anacho. Wewe na mimi hatuna. Jeni yake tunayo bado mwilini lakini imeharibika; mababu tunaochangia na sokwe waliipoteza mamilioni ya miaka iliyopita. Ndiyo maana yuriki yetu inakwama kuwa yuriki, haivunjwi tena, inasubiri figo iitoe, na figo ikizidiwa inajikusanya. Kuku naye hana bahati hiyo, ila yeye ameigeuza mtaji: ule weupe kwenye kinyesi chake uani kwako ni yuriki, ndiyo njia yake ya kutoa uchafu wa naitrojeni bila kumwaga maji. Kwa hiyo kiwanda fulani kimekwenda kukizalisha kimeng'enya kwa kutumia vijidudu kama hamira au bakteria, kikakikausha, kikakipaka kwenye kipande cha plastiki chembamba, na leo kimefika Bukoba kufanya nje ya mwili kazi ambayo mwili wetu uliacha kuifanya zamani za kale. Nani asipige kelele?

Maabara za hospitali nazo hutumia yurikesi, tena miaka mingi. Tofauti ni kwamba wao huichukua ile peroksidi wakaifanya itengeneze rangi, kisha mashine kubwa ikasoma rangi imekolea kiasi gani. Kidude hiki hakihitaji rangi. Kinasoma umeme.

Nilikitazama kwa karibu kinavyofanya. Unaingiza kistripu, skrini inawaka, picha ya tone inaanza kupepesa. Unachoma ubavu wa kidole, si katikati, katikati panauma zaidi. Tone la kwanza unalifuta, la pili unaligusisha kwenye ncha ya kistripu, na hapo damu inavutwa yenyewe, inakimbia ndani ya kijia chembamba, mpaka dirisha dogo linajaa wekundu. Usikamue kidole! Ukikamua unatoa na majimaji ya nyama, namba inapotoka. Mashine inalia "pii", sekunde zinaanza kurudi nyuma. Ndani humo kimeng'enya kilichokuwa kikavu kimelowa na kimeamka. Peroksidi inazaliwa, elektrodi inanyang'anya elektroni, mkondo mdogo ajabu wa umeme unapita. Mkondo huo huanza kwa kishindo halafu unashuka, hivyo mashine haiusomi papo hapo. Inasubiri sekunde ile ile iliyopangwa kiwandani, inaupima, inaulinganisha na hesabu zilizo kwenye kichipu cha msimbo. Yuriki ikiwa nyingi, mkondo ni mkubwa. Basi. Namba inatoka.

Wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi lilichapishwa na Leland Clark na Champ Lyons huko Marekani mwaka 1962, wakianza na sukari. Mwaka huo huo, Januari, wasichana wa shule ya bweni pale Kashasha, Muleba, walishikwa na kile kicheko kilichoenea vijijini na kufunga shule, ambacho dunia nzima inakisimulia mpaka leo. Havihusiani kabisa, najua. Lakini mimi ni mtu wa huku, siwezi kuandika 1962 nikaipita Kashasha.

Kabla ya Clark mambo yalikuwa taabu. Yuriki yenyewe iligunduliwa mwaka 1776 na Carl Wilhelm Scheele wa Sweden, ndani ya vijiwe vya njia ya mkojo. Mwaka 1848 Alfred Baring Garrod wa London akaonyesha kwamba imezidi kwenye damu ya wagonjwa wa jongo, ndiyo yale maumivu ya kidole gumba niliyoanza nayo, na baadaye akabuni kipimo cha uzi: unachukua majimaji ya damu, unatia asidi, unatumbukiza uzi, unaacha hadi kesho yake au kesho kutwa uone kama chembe za yuriki zimejishika kwenye uzi. Saa na masaa kwa jibu la "ipo" au "haipo". Leo sekunde, tena kwa desimali.

Na kuna kionjo kingine ambacho wapenzi wa vitu hivi watakifurahia. Kuisoma peroksidi moja kwa moja kwenye platini kunataka msukumo wa kama volti 0.6 au 0.7, na kwenye msukumo huo hata panadoli uliyomeza asubuhi inaingilia. Wabunifu wakapata hila: wakapaka elektrodi rangi ya buluu ya Prussia, ile ile ya wachoraji, iliyotengenezwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700. Juu ya rangi hiyo peroksidi inakubali kusomwa kwenye volti karibu na sifuri, na wavamizi wengi wanabaki usingizini. Wajerumani waliingia Bukoba mwaka 1890 na Emin Pasha akiwaanzishia kituo. Hii buluu yao, kwa maoni yangu, ndiyo iliyostahili kuletwa.

Haya. Kidude mkononi, niende wapi? Kamachumu, kwa baba mkubwa. Kemondo, Muhutwe, halafu gari linaanza kupanda, migomba kushoto na kulia, mvua ya Novemba inapiga kioo. Mzee ana mguu. Kila mtu ukoo mzima anajua habari za mguu wa mzee: unavimba, unawaka moto, anameza diklofenaki, unatulia, anarudi shambani kwenye kahawa, unavimba tena.

"Waitu baba, nipe kidole."

"Hiyo ni ya sukari?"

"Hapana baba, ya yuriki."

"Kwa hiyo chai yangu haihusiki?"

Nikacheka, maana swali lenyewe ni zuri kuliko alivyodhani. Inahusika kidogo. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na ini likiichakata fruktosi huzalisha yuriki. Soda ni mbaya zaidi kwa sababu hunywewa kwa chupa. Nikachoma, kistripu kikanywa, mashine ikalia.

8.4.

Namba ya juu, na uani kukawa na mkutano wa hadhara. Mama mkubwa akasema ni rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Jirani akasema ni maharage, yeye mwenyewe alikatazwa. Binamu mdogo, mdomo umejaa senene, akasema haiwezi kuwa senene. Na mimi nikajikuta mwalimu wa sayansi mbele ya bakuli.

Rubisi ina kesi ya kujibu. Pombe inazuia figo kutoa yuriki, na bia pamoja na pombe zilizochachushwa kwa nafaka huja juu yake na purini, vitu ambavyo mwili huvigeuza kuwa yuriki. Mwaka 2004 kundi la Hyon Choi huko Boston lilichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12: nyama na samaki wa baharini viliongeza hatari ya jongo, bia ikaiongeza zaidi, maziwa yakaipunguza. Na sikiliza hili, jirani: mboga na mikunde yenye purini haikuongeza hatari. Maharage yameachiwa huru! Ndizi kwa maharage rudini jikoni. Mwaka 2007 watafiti hao hao wakaeleza kwamba wanywaji wakubwa wa kahawa walipata jongo kwa uchache zaidi, na hapo mzee, ambaye kahawa ameilima maisha yake yote, akanyoosha mgongo kama waziri. Senene nilimwambia binamu ukweli: wadudu wana purini si haba, unamla mzima na kila seli yake, sawa na dagaa. Msimu mmoja wa senene haumuui mtu. Ila mwenye 8.4 asikae na bakuli peke yake.

Lakini kilichonisisimua zaidi hakikuwa mezani. Nilimwomba mzee dawa zake nizione, akaleta mfuko wa nailoni. Ndani mna vidonge vya presha, vile vya kukojosha, haidroklorothayazaidi. Hivyo vidonge hupandisha yuriki, ni jambo linalojulikana vizuri, na mara nyingi daktari anaweza kuchagua dawa nyingine ya presha isiyo na tabia hiyo. Aspirini ya dozi ndogo nayo hupandisha. Pirazinamidi, iliyo kwenye miezi miwili ya mwanzo ya dawa za kifua kikuu, hupandisha sana, na mgonjwa wa kifua kikuu asithubutu kuacha dawa kwa sababu ya namba ya kidude changu. Mzee hakuacha kidonge. Alichofanya ni kuandika 8.4 nyuma ya kadi yake ya kliniki, kwa kalamu, kwa herufi kubwa, aende nayo hospitali ya Ndolage. Miaka yote hiyo mguu ulikuwa unakwenda hospitali ukiwa umeshapoa.

Na hapo ndipo kidude kinapoonyesha ubora wake hasa. Alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki, ipo tangu miaka ya 1960. Gertrude Elion na George Hitchings walioitengeneza walipata Nobeli mwaka 1988, na Elion hakuwahi hata kumaliza shahada ya uzamivu. Dawa ni ya zamani, ni ya bei nafuu, na watu bado wanateseka, kwa sababu dozi yake huanza chini na kupandishwa polepole mpaka yuriki ishuke chini ya 6, ibaki huko. Juu ya 6.8 hivi yuriki haiyeyuki vizuri, inajenga vijichembe vyenye ncha ndani ya kiungo; chini ya 6 vijichembe vinaanza kuyeyuka, taratibu, kwa miezi. Kupandisha dozi bila kupima ni kubahatisha, na kupima kila mara kwa safari ya hospitali kunachosha mtu akaacha. Mashine ya uani inaua uchovu huo.

Muleba, kwa taarifa yako, si wageni wa vitu vinavyojaribiwa vikabadili dunia. Vyandarua vyenye PBO, kemikali inayovunja usugu wa mbu kwa dawa, vilijaribiwa humu wilayani kuanzia mwaka 2014, vikaonyesha kuwashinda mbu sugu, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza kwa kutegemea matokeo ya hapa. Sina shaka vidole vya Muleba vinaweza kuonyesha mengi kuhusu kupima yuriki nyumbani.

Sasa lawama, maana mapenzi hayanifanyi kipofu.

Ya kwanza na kubwa ni unyevu. Bukoba hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi nchini, na ukiongeza mvuke wa ziwa unapata hewa ambayo kimeng'enya kikavu kinaichukia. Mtungi una kifuniko chenye chembe za kunyonya maji. Ukiuacha wazi wakati unatafuta kalamu ya kuchomea, unaua kistripu kimoja kimoja bila kujua, na mashine haitakwambia kimekufa, itakupa namba tu. Toa kimoja, funga, ndipo uendelee. Usiuweke jikoni karibu na chungu cha ndizi. Hapa watengenezaji wangenisikiliza ningewaomba kila kistripu kifungwe kwenye karatasi yake ya bati. Hilo peke yake lingekifanya kidude hiki kiwe cha Kagera kweli.

Ya pili ni damu yenyewe. Malaria huku inapunguza damu ya watu, na damu nyepesi huweza kupandisha namba kwa sababu chembe nyekundu zinazoziba njia ni chache. Mama mjamzito, mtoto aliyetoka kuugua, mgonjwa wa selimundu: hao wapimwe hospitali.

Ya tatu ni vipimo viwili vya hesabu. Mashine nyingine zinaandika miligramu kwa desilita, nyingine mikromoli kwa lita, na kitufe cha kubadili kimefichwa. Ile 8.4 ya mzee ni kama 500 kwa mtindo wa pili. Mtu akiona 500 ghafla anaweza kuandika wosia. Shika hili tu: 6 ni kama 360. Na chini ya 3 mashine nyingi za aina hii hazisomi, zinaandika LO.

Halafu kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo imelificha chini kabisa: wakati mguu umewaka, yuriki ya damu inaweza kusomeka ya kawaida. Usiseme "kumbe si jongo" kwa sababu ya namba nzuri siku ya maumivu. Pima tena mguu ukishapoa. Wala usimwite mtu mgonjwa wa jongo kwa sababu ya namba mbaya. Wengi wenye yuriki ya juu hawaumwi kamwe, na hawapaswi kumezeshwa dawa. Uhakika wenyewe, tangu 1961, ni kuviona vile vijichembe kwenye maji ya kiungo chini ya hadubini yenye mwanga maalumu. Na kiungo kinachowaka pamoja na homa kali ni cha kukimbizwa hospitali usiku huo huo, bila mashine.

Bei? Vistripu vya yuriki ni ghali kuliko vya sukari, na ndivyo vitakavyokula fedha yako, si mashine. Habari njema ni kwamba yuriki haihitaji kupimwa kila siku. Dozi ikibadilishwa, wiki chache baadaye. Ikishatulia, mara chache kwa mwaka. Mtungi mmoja unaweza kuhudumia ua mzima, ila kisindano kila mtu chake, tena cha kutumia mara moja na kutupwa kwenye chupa ngumu, hapo sina mzaha.

Kinachonifanya nisilale ni yanayokuja. Mwaka 2015 kundi la Joseph Wang huko San Diego lilionyesha kinga ya meno, kama ile ya mabondia, iliyowekewa yurikesi na buluu ya Prussia, inayosoma yuriki kwenye mate na kutuma namba kwa redio. Hakuna kuchoma! Nilipomsimulia baba mkubwa aliuliza kama mtu anaweza kuivaa huku anakunywa rubisi. Nikasema labda. Akasema basi hiyo isubiri.

Nani anunue leo? Mwenye jongo lililothibitishwa na daktari, anayetumia alopurinoli: nunua, usingoje. Familia yenye wazee wa presha na miguu inayovimba: changishaneni mnunue moja ya ukoo. Kijana mzima anayetaka kujua tu: nenda kapime mara moja maabara, fedha inayobaki kula samaki Kemondo. Na ukifika dukani, kabla ya kulipa, omba karatasi ya maelekezo utafute jina la yurikesi, tazama tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye mtungi wa vistripu na si kwenye boksi la mashine, na uchukue mtungi mdogo, kwa sababu vistripu vingi vikishafunguliwa vinatakiwa viishe ndani ya miezi mitatu, na unyevu wa Bukoba unavijua mpaka majina.